Grafaiti na Kaboni Chini ya Leso

Usiku wa kuamkia leo niliota mto unapita katikati ya sebule ya wakwe zangu kule Mweiga, na hakuna mtu aliyeinua miguu. Baba mkwe alikuwa akinywa chai. Maji yalimfika magotini, naye alichovya mkate humo humo mtoni kwa kuwa kikombe kilikuwa mbali.

Sikushangaa. Kilichoninyima raha ni kwamba ilikuwa siku ya ngurario yetu, sherehe ya kukamilisha ndoa kimila, na saa ya kumchagua bibi harusi ilikuwa imefika. Kwetu wanawake hufunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni na kupangwa mstari, halafu bwana harusi humtoa wake bila kumfunua. Nyaguthii alikuwa ameshanionya, tena nikiwa macho kabisa: "Ukishika mkono wa mwingine, Kabuthi, uoe huyo huyo. Mimi siwezi kukaa na mtu asiyenijua." Alisema akicheka, lakini namjua. Niliogopa wiki nzima.

Aliyesimamia shughuli alikuwa samaki, trauti mnene aliyejifunga kitambaa kichwani kama shangazi mwenye cheo. Alisimama mezani kwa mkia.

"Bwana harusi, sogea," akasema. "Tuna wawili. Mmoja Grafaiti, mwingine Kaboni. Chagua."

Natazama. Chini ya leso kuna maumbo mawili marefu, membamba kupita kiasi. Ni fimbo za kuvulia samaki. Nafurahi mno. Mimi ndiye muuza fimbo za kuvulia pale Nyeri mjini, na hakuna mteja aliyewahi kutoka dukani kwangu bila kuhubiriwa tofauti ya fimbo za grafaiti na za nyuzi za kaboni.

"Hii ni kazi ndogo," namwambia Trauti. "Grafaiti ni mwepesi na ana hisia kali. Samaki akigusa chambo tu, mkono unajua."

Leso ya kushoto inaanza kulia.

"Umemfanya nini?" anauliza Trauti.

"Nimemsifu."

"Umesema ana hisia kali. Mambo ya hisia zake unayatangaza mbele ya wazee?"

Leso ya kulia nayo inaanza kulia, kwa sauti kubwa zaidi, maana yeye hakutajwa. Namgeukia nimbembeleze. Nasema Kaboni ni imara, hupinda bila kuvunjika, na hata samaki mzito humtoa majini. Ananyamaza, anapinda mpaka kichwa kinagusa sakafu, kisha anabaki hivyo akisubiri niendelee. Mwenzake kuona vile, naye akapinda. Baba mkwe akatundika koti lake juu yao.

Basi hapo tukawa tumefika dukani kwangu, ingawa hakuna aliyetoka sebuleni. Mto sasa ulipita kati ya rafu. Niliwapima wote wawili kwenye mizani, wakalingana. Nikatumia mbinu yangu ya kazi: unaweka kitako cha fimbo kooni, mtu anakwaruza ncha, na mtetemo unakuambia fimbo ni ya aina gani. Trauti alikwaruza kwa pezi, akilalamika kwamba hiyo si kazi ya mgeni wa heshima.

"Tumechoka," likasema koo langu.

"Nani mwenzangu?" nikauliza.

"Mimi, wa kushoto. Wewe mtu, sisi ni baba mmoja, mama mmoja. Sote ni nyuzi za kaboni. Mimi nilikaa tu kwenye moto mkali zaidi, nikatoka mgumu. Ndiyo maana nahisi upesi na kuvunjika upesi."

"Na jina Grafaiti?"

"Hilo mnalijua nyinyi wa madukani. Hata huyu dada yangu wengine wanambandika jina hilo hilo."

"Lakini watu nimewaeleza vingine miaka yote!"

"Tulisikia," akasema Kaboni chini ya koti la baba mkwe. "Si tulikuwa ukutani?"

Nilikasirika. Kubishana na mteja nimezoea, lakini bidhaa? Nikasema basi, kama ni kitu kimoja, nachukua yeyote, na mkono wangu ukaenda kwenye leso ya kushoto.

"Ngoja," akasema Grafaiti. "Hapa ulikuja kumtafuta nani?"

Mkono ukaganda. Tangu nifike sikuwa nimemuulizia Nyaguthii hata mara moja. Nilikuwa nahubiri. Aibu ilinipata, na woga pia, kwa sababu ningeondoka pale nimeoa fimbo na kujipongeza.

"Mke wangu hayumo hapa," nikamwambia Trauti.

"Hakuna mahali palipoandikwa lazima awemo," akajibu. "Wenzako wangapi wamenasa hapo hapo!"

Naona uzi umetoka kwenye ncha ya Grafaiti, umepanda na mto, umeingia jikoni kwa mama mkwe. Naweka kitako kooni tena. Naita, "Nyaguthii."

Uzi unavutwa.

"Umechelewa," koo langu linasema kwa sauti yake. "Nilidhani utaoa ukuni. Sasa sikia. Kesho kundi la kwanza la waliofunikwa leso simo. Usiguse mtu hata akikukoholea."

Nikamkumbusha kwamba kesho ndiyo leo. Akasema nisimpotezee wakati. Mimi nilifurahi mpaka nikaanza kuvuta uzi kwa nguvu zote, kama mtu aliyenasa samaki wa kupigiwa picha.

"Wee! Acha, unaniumiza!"

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha na simu ilikuwa ikilia. Nambari sikuijua. Kwa desturi yao, shangazi za Nyaguthii walikuwa wamemnyang'anya simu tangu Jumatano ili tusipeane siri, na tangu siku hiyo sikuwa nimesikia sauti yake.

"Kabuthi, ni mimi," alinong'ona. "Nimeazima ya binamu. Yale niliyokuambia usiku yasikutoke mdomoni. Shangazi wataniua."

"Uliniambia saa ngapi? Simu si walichukua?"

Nilisikia jogoo wa kwao, na mtu akiburuta sufuria.

"Usinichezee, bana," akasema. "Huu uzi ulionikata kidole, mama akiuliza nimwambie umetoka wapi?"