Uzio Uliokaripiwa

Kila Jumatatu, akishakamua mbuzi, mjane Temperance Hobley alisimama mlangoni kumtazama Ezra Tuttle akipima uzio wa kijiji kwa kamba yenye mafundo. Tuttle alichaguliwa mkaguzi wa uzio mwaka wa pili tangu wao Waingereza washuke merikebuni na kujenga kijiji hapo Harrow, wakati nusu yao walikuwa wamekwishazikwa. Alikuwa mtu wa haki. Alipima, akakohoa, akatangaza: "Hatua tisa, upande wa mtoni."

Uzio ulikuwa ukitembea. Ulitembea Jumapili, watu wote wakiwa kanisani. Magogo yalijing'oa, yakasogea, yakajichimbia tena wima. Kishindo chake kilisikika katikati ya sala, kama ng'ombe wanaovuka tope, na mhubiri alipaza sauti kidogo. Kwa sheria yao, kilichokuwa ndani ya uzio kilikuwa mali ya kijiji, na kijiji kilikuwa kinajaliwa watoto na nguruwe.

Upande wa mtoni kulikuwa na shamba la Wunnaki, ambaye watu wake walilima pale tangu zamani. Ni yeye aliyemfundisha Temperance, mwaka ule wa njaa, kufukia samaki chini ya mahindi, akamcheka alivyoziba pua. Sasa zilibaki hatua arobaini uzio ufike shambani kwake.

"Shoga, uzio wenu unakuja," alisema Wunnaki, akipalilia.

"Nauona."

"Waambie wanaume wenu waufunge kamba kama mbuzi."

"Hawatanisikia."

"Basi waambie kitu watakachosikia."

Temperance aliomba Mungu siku tatu, kisha akaenda kwa mzee wa kanisa, Obadiah Crouch. Shamba hakulitaja. Alijua shamba lisingemnyanyua Crouch kitini.

"Mzee, uzio unafanya kazi Siku ya Bwana."

Crouch akaweka kijiko chini. Mwaka uliopita walimfunga mtu miguu kwenye mkatale kwa kubeba kuni siku hiyo.

"Umeuona kwa macho yako, dada?"

"Nimeusikia, Mzee. Na wewe umeusikia. Tulikuwa kwenye zaburi ya pili."

Crouch akawa mwekundu mpaka masikioni.

Alhamisi baraza la kanisa lilikaa mbele ya uzio. Tuttle alitoa ushahidi. Crouch aliyasomea magogo amri ya nne, ya kuitakasa Siku ya Bwana, taratibu, kisha akauliza kama yana la kujitetea. Uzio ulinyamaza, na kimya chake kikaandikwa kuwa ni toba. Temperance alikimbilia mtoni na kipande cha jibini.

"Wameukaripia!" alimwambia Wunnaki. Wakala jibini yote wakiwa wamesimama.

Jumapili iliyofuata uzio ulitulia tuli. Jumatatu, jua lilipochomoza, ukaanza. Tangu hapo ulitembea siku sita kwa juma, ukipumzika saa ya chakula, na siku ya saba ukastarehe kama Mkristo yeyote. Crouch aliusifu mimbarani, uwe mfano kwa vijana wavivu.

Mahindi yalipokomaa, shamba la Wunnaki lilikuwa ndani. Alipofika langoni na vikapu vyake, Tuttle alimzuia kwa upole.

"Mahindi ni ya aliyepanda, mama. Ardhi ni ya kijiji. Mgeni huingia na mwenyeji wake."

"Ni mgeni wangu," alisema Temperance.

Wunnaki akacheka.

"Haya. Kwetu mgeni hafanyi kazi. Vuna wewe."

Akaketi kwenye tuta la maboga, akanyoosha miguu. Temperance alikunja mikono ya gauni akavuna peke yake, akibeba kikapu baada ya kikapu hadi nje, walipongoja ndugu za Wunnaki.

"Usiache yale madogo, shoga!"

"Nayaona!"

Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi. Kila alipotoka na kikapu kingine, lango lilikuwa limesogea mbali zaidi.