Mpira Mweusi wa Msiba wa Onofre

Sisi watu wa Española, mji mdogo kaskazini ya Albuquerque, hatufichi kromu ya magari yetu. Mtu anayesugua bampa ya gari lake la Impala kila Jumamosi kwa kitambaa laini, halafu aifunike, huyo kapungukiwa. Ndiyo maana klabu yetu ya magari ya zamani, yale yanayoinuka na kushuka kwa pampu, ikifiwa, msiba tunauonyesha kwa kuifunika: kila mwanachama anapulizia kromu ya gari lake mpira mweusi wa kopo, ule unaokauka ukawa ngozi ya kubandua, na haugusi mpaka misa ya kutimiza mwaka tangu kifo. Siku hiyo tunabandua wote pamoja nje ya kanisa, na mfiwa ndiye anayeanza, gari baada ya gari.

Mpira huo una masharti yake. Unapuliza mara sita, na kila mara unasubiri ukauke. Ukiwa mnene, unabanduka mzima mzima kama ganda la ndizi. Ukiwa mwembamba, jua la huku likiuchoma mwaka mzima, hautoki ng'o. Wala sikuambiwa na mtu, mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu.

Kaka yangu Onofre alipofariki, tulikuwa mwaka wa sita hatusemezani. Sababu yenyewe aibu tupu. Alisema mbele ya klabu kwamba gari langu likiinuka upande mmoja linafanana na mbwa anayekojoa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikanuna. Wengine hununa wiki, mimi nikanuna miaka sita. Krismasi moja alikuja na sufuria ya posole, supu yetu ya mahindi na nyama, akagonga mlango, nikafunga pazia nikakaa kimya kama mwizi. Akaiacha sufuria kizingitini akaenda zake.

Tulipotoka kumzika, wenzangu walishinda kutwa nzima wakipuliza. Mimi nilipuliza mara moja tu, dakika ishirini, na kopo likabaki zaidi ya nusu. Nikajisemea, cheusi ni cheusi, nani atahesabu? Lakini sidanganyi, kinyongo kilikuwamo. Nilimpimia maiti msiba kwa kijiko.

Mwaka ule mambo yakageuka. Shemeji yangu Erlinda, mjane wake, alinipokea bila neno. Nikamzibia paa, nikamsaidia kuchoma pilipili za mavuno ya Septemba, nikala mezani pake. Nilimwambia mimi nilishamsamehe Onofre zamani, kabla hajafa. Ulikuwa uongo, ila niliutamani uwe kweli. Kisha Fabiola, binti yao wa pekee, akaniomba nimwingize kanisani siku ya harusi yake, Jumamosi baada ya misa ya mwaka, nisimame pale ambapo baba yake angesimama. Nilikwenda kulilia ndani ya gari, mtu mzima mimi.

Ile bampa ilininyima usingizi. Dawa naijua: ongeza mara tano juu yake, mwembamba utatoka na mnene. Lakini kromu ya msiba haiguswi, hata kuoshwa haioshwi, na majirani wangeniona na kopo mkononi. Nikasema wiki ijayo. Nikasema tena wiki ijayo. Mjinga mimi, niliogopa macho ya majirani kuliko siku yenyewe.

Siku ikafika. Fabiola akaanza na gari la mzee Tranquilino, mkuu wa klabu. Akatia ukucha pembeni, akavuta, mpira ukatoka kipande kimoja, kromu ikawaka, watu wakapiga makofi. La pili vivyo hivyo. La tatu. Akafika kwangu anatabasamu.

Akatia ukucha. Vikatoka vichembe. Akajaribu kona nyingine, vichembe tena. Tranquilino akainama, akasugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akakifuta kwenye suruali.

"Ba'mdogo," Fabiola akasema polepole, "ulipuliza mara ngapi?"

Ningeweza kusingizia jua. Ningeweza kusingizia kopo bovu. Lakini aliyeuliza alikuwa na macho ya Onofre.

"Mara moja."

"Kopo liliisha?"

"Halikuisha, mwanangu."

Akavitazama vile vichembe kwenye ukucha wake. "Mama alikuwa akikusema, baba anakutetea, anasema: Mwacheni, ananuna tu huyo, atakuja. Ulipomwambia mama ulishamsamehe, mimi nikadhani ulichelewa kuja tu."

Nilitaka kumwambia kwamba sasa nampenda baba yake, kwamba mwaka huu mzima nimekuwa nikizungumza naye kila ninaposhika spana.

"Jumamosi nitaingia na mama," akasema. "Wewe njoo, ukae na wageni."

Akaenda kwenye gari lililofuata, akatia ukucha, mpira ukabanduka.

Jumamosi nilikwenda. Nilikaa benchi la nne, katikati ya jamaa za bwana harusi, watu wa Albuquerque wasionijua. Mama mmoja aliniuliza mimi ni nani kwa bibi harusi, nikamwambia jirani. Fabiola akapita karibu yangu, mama yake kamshika upande wa kushoto, wakienda taratibu kwa sababu Erlinda ana goti bovu. Upande wake wa kulia hakukuwa na mtu.