Mipira Kumi na Miwili ya Nabbosa

Kwa miaka kumi na tisa Nabbosa alikuwa akikata tyubu kuukuu za magari pale Katwe na kuziuza kama mipira ya kufungia mizigo. Aibu yake ni kwamba mipira ya turubai la pikapu yake mwenyewe ilikuwa imelegea kabisa. Juma lililopita turubai lilifunuka njiani, godoro la mteja likabaki Mpigi. Kwa hiyo asubuhi ile ya kumpeleka mdogo wake Kasirye kutambulishwa kwa wakwe, aliing'oa yote, akakata kumi na miwili mipya kutoka tyubu ya lori, akatia kulabu, na kwa hasira za lile godoro akaupunguza kila mmoja shubiri nzima.

"Dada, si imekuwa mifupi?" Kasirye akauliza.

"Wewe kazi yako leo ni kupiga magoti na kunyamaza."

Ilibidi binamu watatu wapande juu ya turubai na kuukalia mzigo ndipo kulabu zikafika. Kisha wakaoga, wakavaa kanzu, msafara ukaondoka.

Njia nzima Nabbosa alikuwa na wasiwasi mmoja tu, nao ni wa jogoo. Sukari, nyama na mikungu ya ndizi ni mapambo. Kaka wa bi harusi, ambaye Waganda humwita muko, asipompokea jogoo, mke hatoki, hata ulete ng'ombe kumi. Na muko mwenyewe, Ssemwanga, alikuwa ameapa hadharani kwamba jogoo wa Kasirye hatamgusa. Mwaka jana alianguka na pikipiki kwenye tope akiwa na suti mpya, na Kasirye, aliyekuwa karibu, alicheka kwanza ndipo akampa mkono. Nabbosa hakuweza kumlaumu Ssemwanga. Kicheko cha mdogo wake kilikuwa kibaya tangu utotoni.

Walipofika, washenga walitaniana weee, mpaka mshenga wa wakwe akasema zawadi ziingie. Wanawake wakajipanga nyuma ya pikapu, vitambaa vya kubebea tayari vichwani. Nabbosa akavuta kulabu ya kwanza. Haikutikisika. Akavuta ya pili. Binamu wakajaribu, lakini hakuna aliyethubutu kupanda juu na kanzu nyeupe.

"We Nabbosa," shangazi yao Nakku akanong'ona, "hapa umefunga mzigo au mfungwa?"

"Nipeni kisu."

"Thubutu! Tumekuja kufunga undugu, wewe unataka kukata kamba mlangoni kwa watu?"

Ndani ya turubai jogoo akawika. Wageni waliokaa chini ya mahema wakaangua kicheko. Kasirye, kwa mara ya kwanza maishani, hakucheka. Nabbosa alipomwona hivyo akajichukia, yeye na tyubu zake.

Ndipo Ssemwanga akatoka getini. Alikuwa mpakiaji wa malori, mabega mapana kama kabati, na hakuweza kuvumilia kuona mzigo ukiwashinda watu.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi," Nabbosa akasema.

"Kumbe kuna mtu anayejua kazi! Sogeeni."

Akavua koti, akaugandamiza mzigo kwa goti, akachomoa kulabu moja, mbili, tatu. Ya nne ikaruka yenyewe. Turubai likafyatuka, na jogoo, aliyekuwa amekwisha kujinasua kamba ya miguu, akapaa moja kwa moja usoni pake. Ssemwanga akafanya ambacho mtu yeyote angefanya. Akamdaka kwa mikono miwili.

Shangazi Nakku hakupoteza hata nukta. "Muko kapokea!" akapaza sauti, akaanguka magotini. Vigelegele vikalipuka pande zote mbili za ua.

"Sijapokea! Nimedaka!" Ssemwanga akamnyooshea Kasirye yule jogoo. Kasirye akaficha mikono nyuma. Ssemwanga akamgeukia shangazi, shangazi akakunja mikono kifuani. Akawageukia hata wazee wa kwao, nao ghafla wakawa na mengi ya kutazama juu ya paa.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Nakimera, bi harusi, ambaye hakutakiwa kuonekana kabla ya kuitwa, alikuja mbio peku, nusu ya nywele ikiwa bado haijasukwa, akapiga magoti mbele ya kaka yake.

"Kaka, asante," akasema, machozi yakimtoka. "Nilidhani utanikatalia."

Ssemwanga akamtazama dada yake, kisha jogoo. Nabbosa naye alikuwa analia, wala hakujificha.

"Inuka, utachafua nguo," Ssemwanga akasema hatimaye. Akamkumbatia jogoo vizuri zaidi kwapani, akampapasa kifua. "Mwepesi huyu. Tumtafutieni mahindi, ale."

Akaingia naye ndani.