Ruhusa ya Kuvuka

Usiku sikupata usingizi, na asubuhi hata chai ilinishinda. Mtaa mpya niliousanifu tulikuwa tumeuchora kwa chokaa kwenye uwanja wa ndege uliofungwa, kwa ukubwa wake kamili: barabara, nyumba, shule, na katikati kabisa, juu ya njia ya kurukia ndege, stesheni ya treni. Unatoka kwako kwa miguu, unapanda treni, umemaliza. Nilipita ndani ya sebule zisizo na kuta nikicheka peke yangu kama mwehu.

Mwenyekiti wa kamati ya mji alitaka stesheni isukumwe pembeni, kule kwenye uzio, na katikati pawe maegesho ya magari. "Watu wa upande huu wa uwanja na wa upande ule hawajawahi kuchangamana," alisema. "Hawatatembea." Basi tukakubaliana wakazi wa pande zote mbili waje watembee kwenye mchoro. Wakifika katikati, stesheni inajengwa katikati. Wasipofika, inakwenda pembeni na mjadala umefungwa.

Wakaja, tena wengi kuliko nilivyoota. Wengi walikuwa wafanyakazi wa zamani wa uwanja: wapakia mizigo, zimamoto, wafagiaji. Baba yangu, aliyeongoza ndege kutoka mnarani mpaka siku ya mwisho, naye alikuja, shati limepigwa pasi likanyooka. Tangu uwanja ufungwe alikuwa hataki hata kupasikia.

Walianza vizuri ajabu. Mama mmoja alisimama ndani ya jiko la chokaa, akashika kiuno. "Hapa mimi na sufuria yangu, mmoja atalala nje!" Watu wakaangua kicheko. Mimi roho yangu kwatu. Kisha wakafika ukingoni mwa njia ya ndege, wakasimama.

Wote. Wa huku na wa kule walibaki wanatazamana kwa mbali, na hakuna aliyenyanyua mguu.

"Si nilikwambia?" Mwenyekiti alisema, tayari anageuka kwenda kwenye gari lake.

Nikawakimbilia. "Jamani, vipi tena? Njooni!"

"Tutakujaje, mwanangu?" akanijibu zimamoto mmoja mzee, akinyoosha kidole chini. "Mstari huo hapo."

Nikatazama. Mstari wa njano, rangi mbichi, unang'aa. Sikuuchora mimi. Ulikuwa mstari wa zamani wa kusubiri, usiovukwa na mtu wala gari bila idhini ya mnara. Nikamgeukia mpaka rangi wetu, naye ni mtu wa uwanja huohuo.

"Niliuona umefifia," akasema, macho chini. "Nikaona aibu kuuacha vile."

Nilitamani kumnyonga, na papo hapo kicheko kikanibana. Kumbe hawakuikataa stesheni! Walikuwa wanasubiri ruhusa. "Mwenyekiti, usiondoke!" nilipiga kelele. "Baba! Baba yuko wapi?"

Baba akajitokeza kwenye umati. Alitazama angani kulia, akatazama kushoto, bila haraka yoyote. Kisha akatoa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia miaka.

"Pande zote mbili, njia nyeupe. Vukeni!"

Lo! Walivuka mbio, wazee kwa watoto, wakaja kukumbatiana katikati ya stesheni yangu, wengine wakiulizana nani kazeeka zaidi. Mwenyekiti alishtukia ameshikwa mkono na yule mama wa jiko, anapangwa foleni ya tiketi.

"Haya," aliniambia, jasho linamtoka, anacheka. "Katikati."

Niliruka juu kama mtoto. Niliposhuka nikamtafuta Baba nimkumbatie, nikamwona bado yuko nyuma ya mstari, peke yake.

"Baba, njoo basi!"

"Anayeongoza hajipi ruhusa mwenyewe," alisema. "Maisha yangu yote nimevusha wengine. Hapo sijawahi kukanyaga."

Nikasimama wima, nikatazama kulia, nikatazama kushoto.

"Baba," nikasema kwa sauti, "njia nyeupe. Vuka."

Akavuka.