Jina Alilobaki Nalo Kauthar

Mke wangu Kauthar ana neno moja tu mdomoni, na neno lenyewe ni jina la mwanaume mwingine.

Akitaka maji, "Abdillah." Akitaka kugeuzwa ubavu, "Abdillah." Mtoto wetu Iman akirudi shule, mama yake anampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umepooza, anamwambia kwa upole, "Abdillah, Abdillah." Mimi niliyemlisha uji na kumfuta kidevu naambulia jina hilo hilo.

Abdillah mwenyewe si mtu wa mbali. Ana duka la vyombo hapa Makanyagio, ng'ambo ya barabara, linatazamana na letu la maharage na mchele. Ni mgane, ana meno mazuri, na kanzu yake imepigwa pasi hata siku ya Jumanne. Simpendi. Sikumpenda hata kabla ya kiharusi, kwa sababu nilikuwa nikirudi kutoka Mishamo kununua maharage namkuta Kauthar amekaa kwenye benchi lake, mkono wa kushoto ameupakata.

"Kizunguzungu, Baba Iman," ananiambia. "Na huu mkono, nikianika nguo mbili tu umechoka."

Nikawa najiuliza ni kizunguzungu gani hicho kinachojua kuvuka barabara.

Hospitali ya rufaa daktari alimshika kifundo cha mkono wa kushoto akatafuta mapigo, hakuyapata. Akanieleza kwamba kuta za mishipa mikubwa ya damu zimevimba, mwili unajishambulia wenyewe, na njia ya damu imekuwa nyembamba. Ugonjwa wenyewe hauonekani mara kwa mara, na kuleta kiharusi ni nadra zaidi. Kwa Kauthar uliziba mshipa wa shingoni unaolisha upande wa ubongo wenye usemi. Anaelewa tunachosema, ila maneno hayatoki.

"Wengine hubaki na neno moja, wanalitumia kwa kila kitu," daktari alisema. "Usilitie moyoni, mzee."

Rahisi kusema. Mke wake yeye anaita nani?

Nilijaribu kumfundisha. "Sema Haidari." Ananikazia macho, midomo inahangaika, jasho linamtoka, halafu "Ab..." Hapo nanyanyuka natoka nje. Vidonge vyake vimemjaza uso, mashavu yamekuwa kama ya bibi harusi, nami nikawa naona kabisa kwamba anamnenepea yule wa ng'ambo. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Basi mimi nimekonda mpaka mkanda umeishiwa matundu. Kina mama wa bombani wananiuliza, "Haidari, leo umeitwa nani?" wanacheka, na mimi nacheka nao huku roho inaniuma.

Wiki iliyopita nikakata shauri. Namrudisha kwao Kakese, akamwitie Abdillah wake huko kwenye mpunga.

Bajaji ikaja asubuhi. Nikapakia begi, vidonge nikaviweka juu. Kauthar alikaa kibarazani akinitazama. Alielewa kila kitu. Machozi yalimtiririka, na hata lile neno lake hakulisema.

Abdillah akavuka barabara.

"Baba Iman, mgonjwa unampeleka wapi?"

"Kwao. Au nimlete kwako? Si ndo wewe anayekuita?"

"We Haidari una wazimu. Unajua siku ile ya kiharusi aliniitaje?"

"Sitaki kujua."

"Utajua leo. Alisimama hapo mlangoni pako, simu sikioni, anakupigia wewe. Hupatikani. Anapiga tena, hupatikani. Mkono ukalegea, simu ikaanguka. Ndo akaniita, 'Abdillah! Abdillah!' huku anaionyesha ile simu chini. Mpaka naiokota, yule dada wa mtandao bado anasema namba haipatikani. Jina langu ndo lilikuwa mdomoni ulimi ulipokufa, basi. Ungekuwepo wewe, mpaka leo angekuwa anaita Baba Iman."

Nikakumbuka bonde la Mishamo ambako simu haishiki. Nilipopanda kilima siku ile, meseji za simu zilizonikosa ziliingia mfululizo, zote za Kauthar. Nilidhani anataka nimletee mihogo.

Nisiseme uongo, wivu haukuniisha pale. Ulizidi. Nilimwonea Abdillah wivu kuliko siku zote, kwa sababu mke wangu aliponihitaji, yeye ndiye aliyekuwepo akaitika.

Kauthar akainua mkono wa kushoto, ule mkono mchovu. Hakuunyoosha kwa Abdillah aliyekuwa karibu naye. Aliupitisha mbele yake, akaunyoosha kwangu.

"Abdillah," akasema.

Abdillah aliinamisha kichwa. Dereva wa bajaji akazima injini. Kauthar bado alikuwa ananitazama mimi, mkono umeanza kushuka kwa kuchoka, nikaenda nikaudaka.

"Abdillah," akarudia.

"Naam, mke wangu," nikaitika, nikamwambia dereva ashushe begi.