Mgomo wa Kumnyima Mkurugenzi

Torvald Ekhammar alikuwa mchomeleaji wa meli mjini Gothenburg, Uswidi, kabla wenye mali hawajaifunga karakana, na majina ya waliouvunja mgomo wa mwisho bado aliyajua yote kumi na tisa. Paka wake alimwita Mkurugenzi, kwa kuwa alikula bila kufanya kazi.

Sasa Mkurugenzi alifika kilo nane. Daktari wa wanyama hakuficha: asipopungua, kisukari kiko mlangoni kinapiga hodi, na itakuwa sindano kila siku. Torvald akanunua mizani, akapima chakula gramu kwa gramu. Baada ya mwezi, paka akaongezeka.

"Kuna wasaliti humu jengoni," alimwambia paka.

Katika jengo lile watu hutega sikio mlangoni kwanza, ngazi zikiwa kimya ndipo watoke, wasije wakalazimika kusalimiana. Hasira zao huziandika karatasini na kuzibandika ukutani kwenye chumba cha kufulia cha wote. Torvald naye akabandika: MGOMO. Atakayemlisha Mkurugenzi ni msaliti. Kufikia Alhamisi palikuwa na majibu sita, bila majina. Mmoja humpa samaki paka anapopita mlangoni kwake, kidogo tu. Mwingine maziwa, kidogo tu. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake anayemhurumia.

Ikabidi mkutano, wa kwanza tangu jengo lijengwe, katikati ya mashine za kufulia. Torvald aliunguruma kuhusu mshikamano, na kuhusu makampuni yanayochora paka mwembamba kwenye mfuko wa chakula ili yamnenepeshe wako nyumbani. Bibi Gunvor wa ghorofa ya pili akamwacha amalize.

"Mzee Torvald, dirisha langu linatazamana na la jiko lako. Ile jibini unayomkatia kila asubuhi, nayo huipima?"

Torvald akajiongeza kwenye orodha yake ya wasaliti. Jina la ishirini.

"Jibini si chakula," akajitetea. "Ni desturi yetu."

"Na samaki wangu ni desturi, ndugu," akajibu Gunvor.

Walicheka hadi mashine zikamaliza kukamua. Wakaafikiana: Jumamosi tu, kama watoto wa huko wanavyopewa peremende, uduvi mmoja, kwa zamu. Siku nyingine, anayemhurumia amchezeshe kwa uzi ngazini.

Majani yalipoanza kupukutika, Mkurugenzi alikuwa kilo saba na robo, anaruka dirishani bila kusukumwa, na daktari hakuitaja tena sindano. Jumamosi ile zamu ilikuwa ya Gunvor. Torvald akasikia nyayo ngazini. Kwa mazoea akajibanza nyuma ya mlango, kimya. Halafu akajionea haya, akafungua.