Fourche Ndefu ya Octave

Octave alirudi kutoka Salamabila na fourche ndefu, yaani uma wa gurudumu la mbele, yenye springi zinazomeza mashimo. Akaifunga kwenye baiskeli yake, akawatangazia watu wote wa Wamaza kwamba njia ya Kasongo haitamuumiza mgongo tena.

Kesho yake akapakia bidoni za mafuta ya mawese, akaanza kusukuma kwa miguu kama kawaida, kwani baiskeli yenye mafuta haipandwi. Usukani ulikuwa umeinuka hadi kifuani. Penye kila shimo bidoni zilinesa polepole, kama mzungu wa zamani juu ya tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, na Octave chini akihema.

Mkewe Rosine, aliyefuata na beseni la ndizi kichwani, alimfikia juu ya kilima.

“Baba Nathanaël,” akamwambia mumewe, “mafuta hayaumwi tena mugongo. Na weye?”